Kidonda cha Fundi Pampu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nesi alimsaidia baba yake kuinywesha pampu. Baba alikuwa fundi pampu. Kazi yake ilikuwa kunyonya maji kwenye mashimo ya misingi ya nyumba ili waashi washuke kujenga pakavu. Pampu yenyewe ilikuwa ya zamani na haikuvuta kitu mpaka imiminiwe maji kwanza. Nesi alimimina taratibu kwenye tundu la juu, baba akavuta kamba, mashine ikakohoa mara mbili, kisha ikanguruma na kutetemesha madirisha.

"Imeamka," baba alisema. "Ina uvivu kama mama yako siku ya Jumapili."

"Nimesikia!" mama alijibu kutoka chumba cha mbele, pini zikiwa mdomoni. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule. "Na wewe una kelele kama hiyo mashine. Mnafanana."

Nesi halikuwa jina lake la shule. Baba ndiye aliyemwita hivyo tangu alipokuwa na miaka tisa, kwa sababu yeye ndiye aliyetunza kopo la dawa. Lilikuwa kopo la biskuti lililokaa juu ya kabati. Nyumba ile ilikuwa na mtindo wake: mtu akiandikiwa dawa za siku saba, anameza siku tatu au nne, akipata nafuu anaacha. Zinazobaki zinaingia kwenye kopo, zingoje mgonjwa mwingine.

"Ugonjwa umeisha, dawa unazimeza za nini?" baba alipenda kusema. "Tunza. Kesho utazitafuta."

Nesi alijua kusoma maandishi madogo. Alizipanga dawa vizuri, za homa upande huu, za kikohozi upande ule, antibiotiki katikati. Alikuwa na miaka kumi na miwili na aliionea fahari kazi hiyo. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia kwamba lile kopo lilikuwa kosa.

Jumanne moja baba alirudi kazini akichechemea. Alikaa kimya mpaka mama alipotoka kwenda kununua nyuzi, ndipo akavua buti la mpira la mguu wa kushoto. Msumari ulikuwa umepenya soli ukaingia kwenye unyayo. Tundu lilikuwa dogo sana, na damu yenyewe ilikuwa kidogo.

"Usimwambie mama yako," baba alisema.

"Kwa nini?"

"Atanivuta mpaka hospitali. Na msimamizi amesema lile shimo liwe kavu ifikapo Ijumaa. Nisipokwenda, anamwita fundi mwingine. Wewe si nesi wangu? Nitibu."

Nesi alilishusha kopo. Alifungua vidonge viwili vya rangi mbili, akamwaga unga wake juu ya tundu, kama alivyoona watu wengi wakifanya. Kisha akampa baba vidonge vyeupe sita, mabaki ya dawa ambazo mama aliandikiwa alipougua figo. Karatasi yake iliandikwa kumeza kimoja asubuhi na kimoja jioni.

"Nitameza kimoja kwa siku," baba alisema. "Vidumu."

Siku ya tatu maumivu yalipungua. Baada ya siku ya nne baba aliacha kumeza, akamrudishia Nesi vidonge viwili. "Viweke. Unaona? Hospitali tungepanga foleni mpaka jua lizame."

Nesi alicheka. Alijiona amemponya baba yake.

Shimo lilikauka siku ya Ijumaa, msimamizi akaridhika. Wiki iliyofuata mguu ulianza kuvimba. Juu, ngozi ilikuwa imefunga vizuri, lakini chini yake palikuwa pamejaa, pamoto. Tundu lilipoanza kuvuja, baba alianza kufua soksi zake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe. Nesi aliziona soksi hizo kwenye ndoo. Zilikuwa na majimaji ya kijani na harufu tamu, harufu ya kitu kilichooza.

"Baba, tumwambie mama."

"Nipe vile viwili vilivyobaki."

Akavimeza. Siku mbili baadaye alianguka kazini akitetemeka kwa homa, na waashi wakamleta nyumbani juu ya mkokoteni, kando ya pampu yake. Mama aliikata soksi kwa mkasi wa kushonea. Alipouona mguu hakupiga kelele kama baba alivyotarajia. Alisema tu, "Twende."

Hospitalini, daktari wa wodi alikuwa mwanamke mwembamba anayeongea polepole. Aliubonyeza mguu, akamwuliza baba umeanza lini.

"Juzijuzi, daktari."

"Umetumia dawa yoyote kabla ya kuja hapa?"

Baba alimtazama mama, kisha akamtazama Nesi haraka, kisha akatazama ukuta. "Hapana. Nimeosha kwa maji ya chumvi tu."

"Hata kidonge kimoja?"

"Hata kimoja."

Nesi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na mfuko wa nguo mkononi. Alifungua mdomo. Baba akamkazia macho, naye akaufunga. Daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hajatumia dawa. Uongo huo ukaingia kwenye karatasi za hospitali, na tangu hapo kila mtu aliyemtibu baba aliufuata.

Walichukua usaha kidogo wakaupeleka maabara. "Majibu yanachukua siku mbili au tatu," daktari alieleza, "kwa sababu vijidudu lazima tuvioteshe kwanza ndipo tuvitambue. Hatuwezi kukaa bure tukisubiri. Tunaanza na dawa ambayo kwa kawaida inaviweza vidonda vya msumari."

Kesho yake mchana Nesi alileta uji kwenye chupa. Baba alikuwa amelala, midomo imekauka, homa haijashuka hata kidogo. Chupa ya dawa ilining'inia juu ya kitanda ikidondoka kwenye mshipa wake. Nesi, kwa mazoea yake ya kusoma maandishi madogo, akalisoma jina.

Lilikuwa jina lile lile la vidonge vyeupe.

Alilisoma mara ya pili. Dawa hiyo baba alikwisha kuimeza, na mguu ukazidi. Sasa walikuwa wanampa hiyo hiyo, wakidhani ni ngeni mwilini mwake. Alitaka kumwita muuguzi. Kisha akawaza mama atasema nini, na baba ataonekanaje mbele ya wodi nzima. Akamimina uji kwenye kikombe, akanyamaza.

Shuleni siku iliyofuata rafiki yake alimkuta nyuma ya darasa. Rafiki huyu aliitwa Redio kwa sababu hakuzimika.

"Wanasema baba yako mguu umekuwa kama gogo."

"Nani anasema?"

"Watu. Mimi natangaza tu, situngi habari." Kisha Redio akamtazama vizuri, akaacha utani. "Unalia. Si kulia kwa kuogopa. Mimi nakujua, kuna kitu umekificha."

Nesi alimweleza yote, kopo, vidonge, na jina kwenye chupa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Redio alisikiliza bila kukatiza.

"Daktari anajua?"

"Hajui."

"Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mimi nitamtibu? Kimbia!"

Nesi hakungoja kengele ya mwisho. Alimkuta daktari kwenye korido, kalamu imechomekwa kwenye nywele, akapumua mara mbili, akasema, "Baba alimeza dawa. Nilimpa mimi. Ni hii hii mnayompa."

Alidhani atagombezwa. Daktari aliufungua ukurasa wa faili pale pale, akaanza kuuliza. Dawa gani? Ngapi? Siku ngapi? Ziliachwa lini? Nesi alijibu kila swali, akataja na unga wa vidonge vya rangi mbili. Daktari alipomaliza kuandika alisema, "Asante. Sasa twende tukaseme mbele yake, ili pasiwe na siri tena."

Mama alikuwa kando ya kitanda, anampepea baba kwa daftari. Nesi alirudia maneno yake huku akitazama sakafu. Baba alifumba macho.

"Ni kweli," alisema. "Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

Mama aliliweka daftari chini. "Kwa hiyo siku mbili nzima nimempepea mwongo."

"Mpepee tu, mama," alisema mzee wa kitanda cha dirishani, ambaye mkono wake ulikuwa kwenye plasta. "Hata waongo huona joto."

Hakuna aliyecheka, ila baba alitabasamu kidogo, na mama akaliokota daftari.

Majibu ya maabara yalitoka mchana ule ule. Mtaalamu wa maabara, kijana mnene mwenye miwani, aliyaleta mwenyewe, maana daktari alimwita. Alimwonyesha Nesi picha kwenye simu yake. Ilikuwa sahani ya mviringo iliyotandwa utando wa kijani.

"Utando huu ni vijidudu vilivyotoka kwenye mguu wa baba yako. Hivi vidoa vyeupe ni karatasi, kila moja imelowekwa dawa yake. Dawa ikiviua vijidudu, pembeni yake panabaki duara tupu. Tafuta maduara."

Nesi alitafuta. Karatasi zilikuwa nane. Maduara mapana yalikuwa mawili tu. Kwenye karatasi ya dawa iliyokuwa ikidondoka kwa baba, utando ulikuwa umefika hadi ukingoni.

"Kwa nini havifi?" Nesi aliuliza.

"Vijidudu hivi vina mbinu zaidi ya moja. Vina ukuta mgumu, na zile dawa zenu za rangi mbili haziviwezi kabisa, hata ukimwaga debe zima. Lakini silaha yao kubwa ni pampu."

Baba alifumbua macho. "Umesema nini?"

"Pampu, mzee. Ndogo mno, huwezi kuziona. Zimejipanga kwenye ukuta wa kijidudu. Kazi yao ni kutupa nje kitu chochote chenye sumu. Dawa ikiingia, pampu inaisukuma nje kabla haijafika mahali pa kuua. Na hazichagui sana. Pampu moja inaweza kutupa nje dawa za aina kadhaa."

Baba alijiinua kwa kiwiko, jasho likimtiririka. Kwa muda mfupi hakuwa mgonjwa, alikuwa fundi. "Na ukiongeza maji? Mimi maji yakiingia kidogo kidogo shimoni, nayatoa kutwa nzima bila shida. Yakija kwa nguvu na yasikatike, pampu yangu inashindwa, shimo linajaa."

"Ndiyo hivyo hivyo," mtaalamu alisema. "Dozi kamili kwa saa zake ni maji ya nguvu. Yanajaza mpaka vijidudu vinazama, hata vile vyenye pampu zaidi ya vingine. Wewe ulikuwa unavipa kikombe kimoja kwa siku, kisha ukafunga bomba. Vijidudu dhaifu vilikufa, ndiyo maana ukaona nafuu. Lakini katika mamilioni hayo, vichache vilikuwa na pampu nyingi kuliko vingine. Hivyo vikabaki, vikapata nafasi yote peke yao. Vikazaana, na vizazi vyao vikarithi pampu hizo hizo. Sasa hivi mguuni mwako hakuna kijidudu cha kubahatisha. Vyote ni mabingwa."

Baba alirudi kwenye mto.

"Kumbe nilikuwa nawafanyia usaili," alisema taratibu. "Wasiojua kazi nawafukuza, mafundi nawaajiri."

Dawa ilibadilishwa saa ile ile, wakachagua moja ya zile zenye duara pana. Asubuhi ya pili homa ilianza kushuka. Mama aliuona uso wa baba ukirudi rangi yake, akadhani mambo yamekwisha. Ndipo daktari alipowaita kuona picha ya mifupa. Usaha ulikuwa umekaa ndani ya mfupa wa kisigino na kuula, na nyama iliyouzunguka ilikuwa imekufa. Hapo dawa haifiki tena, alisema. Mguu ukibaki, vijidudu vitapanda juu na vitamuua. Ilibidi ukatwe chini ya goti.

Baba alitia sahihi mwenyewe. Aliandika jina lake lote, polepole.

Siku ya upasuaji mama alirudi nyumbani kuchukua nguo. Aliitandaza suruali ya baba ya kutokea kwenye meza, akapima kwa futi, akakata mguu wa kushoto, akaupinda na kuushona kwa cherehani. Mshono ulinyooka. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akalaza kichwa juu ya mashine, akalia kwa sauti ambayo Nesi hakuwahi kuisikia. Nesi alisimama mlangoni. Hakujua kama anaruhusiwa kumgusa.

"Njoo hapa," mama alisema bila kuinua kichwa. "Usisimame kama mgeni."

Wakalia pamoja. Kisha mama akanawa uso, akalishusha lile kopo juu ya kabati, akalibeba hadi dirisha la dawa hospitalini. "Haya ni mabaki," alimwambia mtoa dawa. "Mimi nilidhani tunabana matumizi. Yateketezeni."

Kuna jambo lilimsumbua Nesi. Siku moja alimfuata daktari hadi mlango wa wodi. "Ningesema siku ile ya kwanza, mguu wa baba ungepona?"

Daktari alilifunga faili alilokuwa ameshika. "Sijui," alisema. "Pengine mfupa ulikuwa umekwisha kuharibika. Pengine zile siku mbili zingeuokoa. Ningeweza kukudanganya ili ulale vizuri, lakini uongo umetosha katika habari hii. Ninachokijua ni kimoja. Uliposema, tuliacha kupoteza muda, na baba yako yuko hai."

Nesi aliitikia kwa kichwa. Hakulala vizuri siku nyingi baadaye, lakini alimheshimu daktari yule kwa sababu ya jibu lile.

Kidonda cha upasuaji kilikauka. Baba alianza kula, akaanza kubishana na mzee wa dirishani kuhusu mpira. Zilikuwa zimebaki sindano za siku tatu.

"Wewe umepona," mzee alimwambia. "Nenda nyumbani. Sindano za nini tena, unazipenda?"

"Nimewahi kupona hivi," baba alisema. "Ndivyo nilivyofika hapa." Akamnyooshea muuguzi mkono.

Siku ya sindano ya mwisho, baba alimwambia Nesi aketi kitandani, pale palipokuwa patupu chini ya shuka. Nesi alisita. Baba akapapiga pale kwa kiganja. "Keti. Hapana mtu."

Akaketi.

"Sikiliza, mwanangu. Mtu atakuambia kosa lilikuwa lako kwa sababu wewe ulishika kopo. Usikubali. Mimi ndiye mtu mzima. Nilikuwa na haraka ya kazi, nikaogopa foleni, nikaogopa mdomo wa mama yako."

"Mdomo wangu ungekuokolea mguu," mama alisema huku akikunja shuka.

"Ungeniokolea," baba alikubali. "Dawa ya mtu mwingine si yako. Ukiandikiwa siku saba, ni siku saba, hata ukijisikia unaweza kubeba nyumba. Ukiumwa, unakwenda kwa anayejua, na akikuuliza umemeza nini, unamwambia kila kitu, hata kama ni aibu. Hayo ni ya kila mtu. Lakini lako wewe ni hili." Akamgeukia vizuri. "Nilikuambia unifichie ugonjwa, ukanitii kwa sababu mimi ni baba yako. Siku nyingine mtu mzima akikuambia umfichie ugonjwa, awe mimi, awe mama yako, awe mwalimu, usimtii. Hapo kutotii ndiyo heshima."

Nesi aliushika mkono wa baba, akaitikia kwa kichwa.

Waliondoka saa tano asubuhi. Msimamizi alikuwa amekwisha kumpata fundi mwingine, na kwenye mashimo baba hangeshuka tena. Alikuwa amepanga kutengeneza pampu za watu akiwa amekaa uani, kazi ambayo mikono yake iliijua. Kwenye ngazi za hospitali alisimama, akazitazama ngazi zote sita, akapanga magongo yake. Mama alitangulia na mizigo, akiwaambia watu wapishe.

Nesi alihamia upande wa kushoto, upande usiokuwa na mguu, bila kuambiwa na mtu. Wakashuka ngazi ya kwanza, wakapumzika, wakashuka ya pili.